Kilomita ya Kumi na Tisa

Nilitumwa na karatasi.
Kurasa arobaini na mbili, maswali yenye visanduku,
ndiyo, hapana, haihusiki,
kwa kuwa barabara hii inajengwa kwa fedha ya umma,
na fedha ya umma, nimefundishwa, haina shangazi wala mjomba.

Isyonje, asubuhi. Ukungu umekalia magunia ya viazi.
Msimamizi wa kambi akanikaribisha chai ya maziwa na chapati,
akanifungulia faili kabla sijaliomba.
Nakiri, lilinipendeza. Nilikuwa na njaa,
na baridi ya kule haina adabu.
Wanawake wameajiriwa? Thelathini na mmoja. Nikatia tiki.
Kazi sawa, ujira sawa? "Soma mwenyewe," akasema.
Nikasoma. Elfu kumi na tano kwa siku, mwanamume na mwanamke.
Tiki.
Vyoo viwili, vina milango. Tiki.
Chapati ya pili.

Kilomita ya kumi na tisa upande mmoja umechimbuliwa,
magari yanapita kwa zamu.
Huku kasimama Lutengano na bendera mbili,
kule kasimama Tupokigwe na bendera mbili,
nyekundu na kijani, kitambaa kilekile, fito zilezile za mkaratusi.
Lori la mbao likiachiwa na huyu linapokewa na yule,
na ukungu ukishaondoka
vumbi haliulizi nani baba, nani mama.

"Lutengano anapata elfu kumi na tano," alisema Tupokigwe,
macho yake kwenye lori, si kwangu.
"Mimi kumi na moja.
Waliniambia bendera ya mwanamke ni nyepesi."
Akanipa niishike.
Upepo wa Kitulo uliivuta
kama mbuzi anayekataa kwenda mnadani.

Nikatoa nakala ya orodha ya malipo.
Jina lake, elfu kumi na tano,
na mbele ya jina, dole gumba la wino wa zambarau.
Alisimamisha magari kwanza. Nyekundu.
Kisha akatazama, akatazama tena.
"Mimi nimemaliza kidato cha nne," akasema.
"Dole la nini?"

Ndipo nikaona. Nilipaswa kuona palepale kwenye chai.
Dole lile lina kovu, limekatiza katikati
kama barabara iliyochorwa na mtu mwenye haraka.
Kovu liko kwa Tupokigwe.
Liko kwa Atuganile anayebeba kokoto, kwa Ikupa wa jikoni,
kwa mjane wa Mwaipopo ambaye mkono wa kulia, aliniambia Tupokigwe,
hauna hata hicho kidole.
Majina thelathini na moja, gumba moja.
Kuna mtu aliketi usiku na kibweta cha wino,
akawa wanawake thelathini na mmoja.

Elfu nne, mara vichwa, mara siku ishirini na sita.
Nilipiga hesabu kwenye kiganja, milioni tatu na ushee kwa mwezi,
nikaacha, kiganja kilikuwa kinatetemeka
na nilitaka kusingizia baridi.

Tiki ya wino haifutiki. Nilizikata moja moja,
fomu ikawa chafu kama daftari la mtoto wa darasa la pili.
Mwishoni, "Maelezo mengine": mistari miwili.
Nikaigeuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe.

Akaniomba kalamu.
Akainamia boneti ya gari langu, akaandika majina yake yote matatu,
Tupokigwe Anyosisye Mwakibete,
polepole, mwandiko wa mtu aliyewahi kuchapwa kwa kuandika vibaya,
akasaini, akanirudishia.
"Na wewe andika lako hapo chini," akasema.
"Karatasi za huku hupotea. Ipotee na jina lako."

Niliandika.
Foleni ilikuwa imefika kwenye kona, honi zinalia,
redio ya kiunoni mwake ikakoroma, sauti ya Lutengano:
"Dada, vipi huko? Nifungue?"
"Subiri," akasema.
"Kuna mtu bado anasaini."